Ubao wa Sitini na Moja

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, jua likiwa bado halijaanza ukorofi wake, Loise Kathini alivuta makarai manne ya bati kutoka chini ya pua za ndege nne za Bwana Muhanna, akakagua oili iliyodondoka tangu jana. Asubuhi moja karai la kwanza lilikuwa na oili ya kujaza kijiko, la pili vijiko viwili. La tatu lilikuwa kavu, na hilo ndilo alilokwenda kumwambia fundi, kwa sababu injini ya zamani isiyodondosha oili ni injini iliyoishiwa oili. Katika karai la nne, la ndege iliyoandikwa 61 ubavuni, oili ilikuwa imedondoka kwa mstari mmoja mnyoofu ulioelekea kaskazini-magharibi. Upepo wa siku hiyo ungetoka huko. Loise akawapigia simu watu wa mnara wa kuongozea ndege kuwaarifu, mtu wa zamu akaandika na kushukuru, na Loise akamwaga oili kwenye pipa.

Kiwanja hicho kidogo cha ndege kilikuwa jangwani nje ya Dubai, mwendo wa saa moja kwa basi la kampuni kutoka mtaa wa Satwa alikolala. Ndege zilikuwa za kufundishia wanajeshi, zote zimepita umri wa kustaafu, na Bwana Muhanna alizinunua moja moja kutoka nchi za watu kwa sababu, kama alivyopenda kuwaambia wageni wake, ndege mpya hata mpumbavu anaweza kuinunua. Kuzinunua kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuziweka hai. Joto la Agosti lilipasua matairi zikiwa zimesimama tu, mchanga uliingia hata mahali ambapo mafuta yalikataa kuingia, na vipuri vyake havikuuzwa tena popote, kwa hiyo fundi Msellem alivichonga mwenyewe kwa mashine, au alimpa Loise kipande kilichovunjika akipeleke kwenye karakana za Satwa kikaigwe.

Loise alikuwa mtu wa usafi. Hivyo ndivyo kadi yake ya ukaazi ilivyosema. Mkataba aliotia sahihi Nairobi ulisema msaidizi wa fundi wa ndege, naye alikuwa na cheti cha miaka miwili cha kazi hiyo, lakini mkataba ule ulisafiri pamoja naye ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha ilipofunguliwa Dubai ulikuwa umekuwa mkataba mwingine. Hakuna aliyeona ajabu. Katika chumba chake walilala wanawake sita, na wanne kati yao mikataba yao ilibadilika angani vivyo hivyo. Rafiki yake Fridah alipanda ndege akiwa mpokeaji wageni wa hoteli, akashuka akiwa mfua mashuka.

Hata hivyo mikono ina tabia ya kukumbuka ilichofundishwa. Fundi Msellem alikuwa Mzanzibari aliyeletwa Dubai akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa alikuwa na wajukuu, presha na bega la kulia lililokataa kupanda juu ya sikio. Ndege hizo hazina ufunguo wa kuwashia; mtu husimama mbele na kuzungusha propela kwa mkono. Bega la fundi lilipogoma, Loise akaweka mopu ukutani, akasimama mbele ya pua, akaita, "Swichi?" kama walivyofundishwa chuoni. "Nishazima!" Msellem akajibu kutoka kitini. Tangu siku hiyo Loise ndiye aliyeziwasha ndege zote nne, na kadi yake iliendelea kusema usafi.

Ndege tatu ziliruka vizuri. Sitini na Moja haikuruka. Ilikuwa ndege ya mwaka 1941, mabawa mawili juu na mawili chini, viti viwili vya wazi, kimoja mbele cha mwalimu na kimoja nyuma cha mwanafunzi. Bwana Muhanna alikuwa rubani mwenye leseni, tena si rubani mbaya. Alikaa kiti cha nyuma, Loise akazungusha propela, injini ikaitika bila kinyongo. Ndege ikakimbia mpaka mwisho wa njia ya kurukia, ikageuka, ikarudi bandani polepole, kwa adabu, bila kunyanyua gurudumu hata moja. Ilifanya hivyo kwa miaka mitatu. Walikuja mafundi wawili kutoka Ulaya wakaifungua yote na kuifunga tena. Alikuja mkaguzi wa serikali, akaizunguka mara tatu, akaandika kwenye fomu yake kwamba ndege inafaa kuruka lakini haitaki, akagonga muhuri.

Jambo hilo lilimuuma Bwana Muhanna kwa sababu ya ubao. Klabu ya kiwanja ilikuwa na desturi: anayerusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza hushuka akamwagiwa ndoo ya maji mbele ya watu, kisha jina lake huandikwa. Kwa ajili ya Sitini na Moja, Bwana Muhanna alikuwa amechongesha ubao maalumu wa msaji kwa mchongaji wa mtaa wa Deira, wenye maandishi ya dhahabu yaliyosema kwamba hawa ndio walioirusha peke yao. Chini ya maandishi hapakuwa na kitu. Loise aliupaka mafuta kila Jumamosi, na kila alipoupaka alijisemea kwamba mahali pale patupu pangetosha kabisa jina lake. Hakuona haya kulitaka. Alikuwa amejaza ndoo ya watu kumi na tisa, akawapelekea taulo, akapiga mopu maji yao, na alitaka siku moja, kabla hajarudi kwao Mwala kwa mama yake, ndoo hiyo imwagwe juu ya kichwa chake mwenyewe.

Siku moja ya Jumanne mwezi wa Machi, saa kumi alasiri, Bwana Muhanna akiwa ameshakwenda zake, Loise alikuwa amekaa kiti cha nyuma cha Sitini na Moja akifuta vioo vya geji. Ndege za enzi hizo hazina redio ya ndani. Mwalimu huzungumza kwenye bomba la mpira lililo mbele, na sauti hutokea nyuma kwenye sikio la mwanafunzi.

"Weka kitambaa chini," bomba likasema. "Shika usukani."

"Ngoja nimalize hii geji," Loise akasema.

Bomba likangoja. Loise alimaliza geji, akakunja kitambaa, akashika usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mikanda yake ilikuwa imefungwa, imekaza.

"Nikisema unayo, wewe unajibu nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Unajibu ninayo. Hapo ndege ni yako. Nikisema ninayo, unaachia papo hapo, hata kama unaona ninakosea. Huo ndio mwanzo na huo ndio mwisho. Unayo."

"Ninayo," Loise akasema, na sindano ya geji ya kimo ikaanza kupanda.

Kabari zilikuwa chini ya magurudumu na milango ya banda ilikuwa imefungwa kuzuia mchanga. Sindano ilipanda mpaka futi elfu mbili. Masikio ya Loise yaliziba, akameza mate, yakazibuka. Aliona chini yake barabara ya Al Ain na magari yakienda na kurudi, kisha mchanga, kisha mchanga mwingine. Mwalimu hakuwa mpole. Alisema mguu wa kulia, akauliza huo ni mguu wa kulia wa nani, akasema mkono wa mafuta haushikwi kama mwiko wa ugali. Saa kumi na moja kasoro kumi sindano ilirudi kwenye sifuri. Loise akashuka akiwa na mchanga kwenye meno, akamkuta Msellem amesimama na birika la chai.

"Mmefika wapi?" Msellem akauliza.

"Kama nusu ya njia ya Al Ain, mzee."

"Huko upepo m'baya jioni. Kunywa chai, mwanangu, ishapoa."

Walisoma hivyo kila siku isipokuwa Ijumaa. Mwezi wa Mei waliruka hadi juu ya Deira, mashua za abra zikivuka mkono wa bahari wa Khor kwenda na kurudi, na Loise akafundishwa kugeuka bila kupoteza kimo, akizunguka mnara wa saa mpaka akaweza. Walipita juu ya Muhaisnah, juu ya mapaa ya majengo ya wafanyakazi, maelfu ya nguo za bluu zimeanikwa. Siku ya mapumziko Loise alikaa kwenye kitanda chake cha juu, mpini wa fagio katikati ya magoti, akifanya mazoezi macho yamefumbwa.

"Wewe Loise, hiyo fagio unaipeleka wapi?" Fridah akauliza kutoka kitanda cha chini. "Ukifika Nairobi niambie, nikupe mzigo."

Mwalimu aliongea kuhusu maisha yake mara moja tu, wakiwa juu ya mawingu membamba ya Juni. Vita vilipokwisha ndege ilipelekwa Nairobi, ikakaa huko miaka kumi na minane, na Kiswahili ilijifunza kwa waliokuwa wakiiosha. Marubani walizungumza Kiingereza, lakini marubani walishuka wakaenda zao. Waoshaji ndio walioshinda nayo kutwa. Ilikuwa imetoa marubani mia tatu na kumi na wawili. Katika hao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiosha, na jambo hilo ilipata muda mrefu wa kulifikiria wakati ilipokuwa imeegeshwa.

"Nikafikia uamuzi," bomba likasema. "Sasa teremsha pua kidogo, unaota."

Mwezi wa Oktoba Mwalimu alisema somo limekwisha na limebaki la peke yako. Loise akauliza kama ni kesho. Bomba likasema hapana, peke yako ni nje, chini ya jua, mbele ya watu. Ndani ya banda hakuna peke yako, kuna mazoezi tu. Milango ya banda ilifunguliwa na Bwana Muhanna au kwa amri yake. Loise akarudi kwenye kitambaa chake na kungoja, na kungoja huko kulimchosha kuliko kazi.

Mwaka huo, 2014, Bwana Muhanna alialika wageni mia moja na ishirini kuja kiwanjani siku ya Ijumaa kabla ya Sikukuu ya Taifa. Alikodi hema lenye viyoyozi na mpiga picha. Kwa mshonaji wa Satwa alishonesha ovaroli ya urubani, rangi ya mchanga, jina lake kifuani kwa uzi wa dhahabu. Kwenye kadi za mwaliko aliandika kwamba atairusha Sitini na Moja peke yake. Alhamisi asubuhi akaijaribu. Ndege ikakimbia mpaka mwisho wa njia, ikageuka, ikamrudisha nyumbani.

Alishuka akakaa juu ya bawa la chini, kofia ya ngozi mkononi. Loise aliweka kabari kwenye magurudumu, akachungulia kiti cha nyuma kutazama kama kuna kilichomwagika, na bomba likamwambia neno. Akajibu.

"Anaongea na nani?" Bwana Muhanna akamuuliza fundi kwa Kiarabu.

"Ndege, arbab."

"Inasema nini?"

Msellem alikuwa ameishi na mabosi miaka arobaini na alijua maneno mengi ya kuzungukia. Siku hiyo bega lilimuuma, akasema jambo kama lilivyo. "Yasema iko tayari. Yamtaka huyu binti."

Bwana Muhanna alifikiri. Aliuliza kama ana leseni, akaambiwa ana kadi ya usafi. Akamwita Loise asimame karibu naye. Walikuwa kimo kimoja na mabega mamoja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa miaka mitatu. Akamvisha kofia ya ngozi, akamshushia miwani ya upepo, akarudi nyuma hatua nne kumtazama.

"Kesho utakuwa mimi," akamwambia kwa Kiingereza. "Dakika kumi. Mzunguko mmoja, unatua, unaingia bandani, khalas."

"Na ubao, sir?" Loise akauliza.

"Ubao ni wa wageni. Wageni wanamjua Muhanna."

"Na ndoo?"

Bwana Muhanna alicheka, bila ubaya, kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. Pasipoti ya Loise ilikuwa kwenye droo ya ofisi yake, na hakuhitaji kuitaja. Loise alisimama ndani ya kofia ile ya ngozi na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kukataa. Alitaka pia kuruka, na alipovipima viwili hivyo hakupata kimoja kilichokuwa chepesi.

"Basi kesho nisijaze mimi hiyo ndoo," akasema mwishowe. "Hilo tu, sir."

Bwana Muhanna akakubali mara moja, maana halikumgharimu kitu, na kufikia jioni alikuwa ameshalisahau.

Aliyelikumbuka ni Msellem. Ijumaa alfajiri alikuja na chupa ya marashi iliyokuwa ya mama yake, ya kunyunyizia wageni wa harusi. Alijaza ndoo mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kikombe baada ya kikombe kwa sababu bega lile halikumruhusu kuinua ndoo iliyojaa, kisha akamimina marashi yote ndani. Loise akamuuliza anafanya nini.

"Mtu hamwagiwi maji makavu," Msellem akasema. "Vaa, mwanangu, tusichelewe."

Saa tatu na nusu wageni walikuwa wamejaa hemani wakinywa kahawa na kula tende. Ndani ya banda Loise alivaa ovaroli ya Bwana Muhanna juu ya sare yake ya usafi. Bwana Muhanna aliingia stoo ya mopu, akageuza ndoo tupu, akaikalia, akavuta mlango. Kulikuwa na joto humo na harufu ya Dettol. Aliuliza kutoka ndani kama hakuna feni. Loise akamwambia hakuna, sir, haijawahi kuwepo.

Msellem alifungua milango ya banda, akaja mbele ya pua. "Bega litakubali?" Loise akamuuliza kutoka kitini. "Leo litakubali," akasema. Wakaitana swichi, na mzee akazungusha propela kwa mkono uleule wa kulia, ukapanda juu ya sikio na juu ya kichwa, injini ikaitika mara moja. Baadaye bega lilirudi kuuma kama kawaida.

Loise aliendesha mpaka mwanzo wa njia. Akaweka sikio kwenye bomba kungoja amri. Bomba lilikuwa kimya. Mikanda ya kiti cha mbele ilikuwa imelegea, imelala kitini, haijamfunga mtu. Ndipo alipoelewa peke yako maana yake ni nini, akatamani hata kutukanwa.

"Ninayo," akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na aliyempa.

Akasukuma mkono wa mafuta. Mkia ukanyanyuka. Njia ikaanza kukimbia chini yake, hema likapita upande wa kushoto, na pale mahali ambapo kwa miaka mitatu ndege iligeuka na kurudi nyumbani, magurudumu yaliacha ardhi. Hayakuiacha kwa shida. Sitini na Moja iliinuka kwa urahisi, na Loise Kathini akapiga kelele ya furaha ambayo upepo uliichukua yote na kuipeleka nyuma, ikawafikia wageni ikiwa kama mluzi. Kule bandani kulikuwa na geji na mchanga. Huku kulikuwa na jua usoni, nyaya za mabawa zikiimba, na ndege nzima ikitii mguu wake, mguu wa kulia, huo ni mguu wa kulia wa nani, ni wangu mimi, Mwalimu, ni wangu. Alilia ndani ya miwani na hakujali.

Mzunguko mmoja ulikwisha. Akazunguka wa pili. Kwenye wa tatu akatoka nje ya kiwanja mpaka juu ya barabara, ambako mabasi matatu meupe ya kampuni yalikuwa yakiwapeleka watu kazini ingawa ilikuwa Ijumaa. Aliinamisha mabawa kushoto, akainamisha kulia. Madirishani zikatoka kofia za plastiki za rangi ya manjano, zikapungwa, na dereva mmoja akapiga honi mpaka basi lilipopotea. Loise akarudi, akapita juu ya hema kwa chini kiasi kwamba vikombe vya kahawa viligongana, akapanda juu moja kwa moja, akaipindua ndege kichwa chini, akaona wageni mia moja na ishirini wamening'inia kutoka kwenye ardhi wakipiga makofi, akaigeuza tena. Mwalimu hakuwahi kumfundisha hilo. Lilikuwa lake.

Alitua magurudumu matatu kwa pamoja. Hakukuwa na mruko wala vumbi. Msellem alifuta macho, akasema ni mchanga. Loise alizima injini mbele ya banda, na ndege ikajiviringisha ndani yenyewe kama ilivyozoea, na mzee akafunga milango.

Walibadilishana ndani ya stoo kwa dakika mbili. Bwana Muhanna alitoka humo amelowa jasho, akaifunga ovaroli iliyovaliwa asubuhi moja tu mpaka shingoni, akavaa kofia na miwani. Alisimama kidogo mlangoni, akamtazama Loise aliyebaki katikati ya mopu na sare yake ya kijani. "Ulizunguka tatu," akasema. "Nilisema mmoja." Kisha akatoka nje kwenye makofi.

Loise alisimama stoo akisikiliza. Alisikia jina la Muhanna likiimbwa. Alisikia mpiga picha akiwaomba watu wasogee. Alisikia ndoo ikiburutwa, watu wakihesabu kwa Kiarabu, wahid, ithnen, thalatha, na alijua sauti inayofuata kwa sababu aliisikia mara kumi na tisa.

Maji yakamwagika juu yake. Yalikuja yote kwa mkupuo, ya baridi, kichwani, shingoni, mgongoni, yakajaa kwenye viatu. Yalinukia marashi ya waridi. Loise alishusha pumzi kwa kishindo, akafungua mdomo, akaachia kicheko kilichomtoka tumboni, peke yake kwenye stoo ya futi sita kwa nane, maji yakimtiririka mpaka vidoleni.

Nje, Bwana Muhanna alisimama mbele ya mpiga picha akiwa mkavu. Ndoo ilikuwa tupu na zege lililo chini yake lilikuwa kavu pia. Wageni waliisifu sana ovaroli, wakasema siku hizi kuna vitambaa vya ajabu, na wawili wakaomba namba ya simu ya yule mshonaji wa Satwa. Bwana Muhanna akawapa. Kisha akaita kuelekea bandani, "Loise! Mopu!"

Alitoka na mopu. Watu walimpisha mwanamke wa usafi aliyelowa chapachapa, akatazama zege, akaona hakuna cha kufuta. Akarudi ndani, akafuta maji yake mwenyewe, kuanzia kwenye kona kuja mlangoni kama inavyotakiwa.

Nywele zake hazikukauka siku tisa. Hata kwenye basi la kampuni, ambako kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye viwiko vya mikono yake, na abiria wote wakashuka wakinukia waridi. Fridah alimtandikia taulo kwenye kitanda, maana yeye alilala chini yake.

"Sema tu uliruka," Fridah akamwambia.

"Niliruka. Mizunguko mitatu na mara moja kichwa chini."

"Nilijua. Hongera mama, lakini jana umenidondokea usiku mzima."

Ubao uliletwa tena kutoka Deira kabla ya wiki kwisha. Chini ya maandishi sasa palikuwa na jina la Muhanna kwa herufi za dhahabu. Mwezi wa Januari kadi ya Loise ya ukaazi ilifanywa upya, na karani hakuinua macho alipoandika usafi. Pasipoti ikarudi kwenye droo.

Jumamosi moja baada ya hapo, saa kumi alasiri, Loise alikuwa bandani akiupaka ubao mafuta, akifuata herufi za jina moja baada ya nyingine ili zisishike vumbi.

"Weka kitambaa chini," bomba likasema. "Leo kaa kiti cha mbele."

"Ngoja nimalize huu ubao."

Alipomaliza alipanda kiti cha mbele, na mikanda ikamfunga yenyewe, ikamkaza. Aligundua kwamba kutoka hapo mtu haoni bomba la kusikilizia, anaona la kuzungumzia tu. Mlango mdogo wa banda ukafunguliwa. Bwana Muhanna aliingia na kofia yake ya ngozi, bila wageni, bila mpiga picha. Alisimama chini ya ubao wenye jina lake, akauangalia kidogo, akaja akapanda kiti cha nyuma. Simu yake ililia, akaipokea, akaanza kumweleza mtu habari za kiwanja cha kujenga ghala.

"Weka simu chini, sir," Loise akasema kwenye bomba. "Shika usukani."

"Ngoja nimalize."

Loise akangoja. Simu ikawekwa chini. Milango mikubwa ya banda sasa ilikuwa wazi, na Msellem alikuwa tayari amesimama mbele ya propela, akisugua bega lake na kulalamika.

"Unayo," Loise akasema walipofika juu ya mchanga mtupu, futi elfu mbili.

"Ninayo," Bwana Muhanna akajibu. Pua ikainuka kupita kiasi, ndege ikatetemeka, bawa la kushoto likaanza kuzama, na mtu wa nyuma akang'ang'ania kwa mikono miwili.

"Ninayo," Loise akasema.

Sir akaachia papo hapo. Loise aliinyoosha ndege, akasubiri mwanafunzi wake apate pumzi, akamwambia huo haukuwa mguu wa kulia, akamrudishia. Waliendelea hivyo mpaka saa kumi na moja na nusu, na walipotua alishuka yeye kwanza, akavuta karai na kuliweka chini ya pua, kisha akaenda kutafuta kitambaa.